Raundi ya Jarlath Concannon

Wapo wanaosema bia nyeusi humfundisha mtu subira. Hao hawajawahi kuiagiza huku garimoshi linapiga honi ng'ambo ya mto.

Nilisimama nyuma ya kaunta ya baa ya Heraty, pale Kilbrona, tangu sijaota ndevu mpaka ndevu zenyewe zikaingia mvi, na niliyoyaona humo nikiyasimulia yote mtaniita mwongo. Wengine wameshaniita. Nilimwona mbuzi akilamba matone ya kaunta, akalewa, akaenda kanisani kwa miguu yake minne na kukaa benchi la mbele. Haya, hilo liacheni. Lakini habari ya Jarlath ni ya kweli, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu bilauri iliyohusika ilikuwa mali ya baa na mimi ndiye ningekuja kuulizwa ilipo.

Jarlath Concannon alikuwa fundi wa kuezeka nyumba kwa nyasi. Mrefu, mkimya, mwenye nyayo za paka. Angeweza kupanda ngazi na mzigo wa nyasi begani na yai kwenye kiganja, na yai likafika juu salama. Kwenye paa alikuwa mfalme. Akishuka, mbele ya Attracta Lavelle wa duka la vitambaa, alikuwa gogo. Kila Jumapili baada ya misa alimsindikiza mpaka kwao, na njia nzima alimpa habari za hali ya hewa. "Kuna upepo." "Mvua itakuja." "Mvua imekuja." Attracta alivumilia mpaka uvumilivu ukachakaa viwikoni. Dada yake aliyekuwa Leeds, kule Uingereza, akamtafutia kazi ya hospitali, naye akakata tiketi. Alipokutana na Jarlath siku ya soko alimwambia mbele za watu:

"Naondoka Ijumaa, garimoshi la mchana la kwenda Dublin. Kama una la kusema lisilokuwa mvua, liseme kabla halijaondoka."

Mtu mwingine angelisema palepale. Jarlath alitazama juu akasema inaelekea kutakucha vizuri Ijumaa.

Na kulikuwa na jambo la jina. Babu yake aliwahi kunywa na wenzake wawili kwenye kaunta hiyohiyo, raundi kwa raundi, kila mmoja akiwanunulia wote kwa zamu. Akanyweshwa na wa kwanza, akanyweshwa na wa pili, na zamu yake ilipofika akaja mtu mbio kumwambia ng'ombe wake anazaa vibaya kinamasini. Akatoka bila kununua. Ng'ombe alikufa, ndama alikufa, yeye akabaki na jina: Nusu-Raundi. Kwetu mtu anaweza kuiba farasi akasamehewa Kwaresima, lakini aliyenyweshwa asinyweshe hasamehewi hata akiwa ardhini. Jina likashuka kwa baba yake Jarlath, aliyewanunulia watu bia maisha yake yote ili alifute. Wakainywa, wakapangusa midomo, wakasema, "Asante sana, Nusu-Raundi." Na mzee Lavelle, baba yake Attracta, alikuwa ameshatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka parokia jirani: "Binti yangu haolewi na nusu ya kitu."

Basi Ijumaa ikafika. Joto lilikuwa limetukalia shingoni, na radi ilikuwa inasaga meno huko upande wa bahari bila kuja. Siku kama hiyo hata viti havitulii.

Baani walikuwamo wawili. Mmoja Festus Mulkerrin, dalali wa ng'ombe, aliyekuwa na sauti ya mnadani hata akiwa anaungama dhambi. Wa pili Hubert Costigan, dereva wa garimoshi. Kila mchana, injini ikiwa inakunywa maji yake stesheni, Hubert alivuka daraja kuja kunywa yake.

Jarlath akaingia na suti ya Jumapili, nywele amezilaza kwa maji.

"Maji, Malachy," akaniambia. "Ulimi umenigandia."

"Maji!" Festus akapaza. "Jamani, mtu anakwenda kuposa, anaomba maji kama farasi? Malachy, mpe bia. Tatu. Hii ni yangu."

Jarlath alifungua kinywa kukataa. Halafu akamwona Hubert, na nikaona hesabu ikipita usoni mwake, wazi kama kunguru kwenye theluji: dereva yupo hapa, garimoshi haliwezi kwenda bila dereva, kwa hiyo nina nafasi. Akavuta kiti. Hapo ndipo alipokosea. Kuketi karibu na dereva hakukuwa na ubaya, lakini alikuwa ameingia kwenye raundi moja naye.

Nikaanza kumimina. Enzi hizo bia haikutoka kwenye mapipa ya chuma yenye gesi. Tulikuwa na mapipa mawili ya mbao. La chini tulikuwa tunaliita Mzee: limefunguliwa kitambo, limetulia, bia yake haina hata kiputo. La juu, rafuni, tulikuwa tunaliita Kijana: jipya kutoka kiwandani, limejaa hasira. Unajaza bilauri kwa Mzee mpaka karibu na shingo, unaiacha ipumue, kisha unamwita Kijana amalizie, povu lipande nene, unalipitishia kisu cha mfupa juu, basi. Mzee peke yake ni maji ya mtaro, na Kijana peke yake ni fujo tupu. Wakiwa pamoja unapata kitu ambacho askofu angekivulia kofia.

"Mnajua hii bia ilianzia kwa nani?" Festus akauliza, bilauri mkononi. "Kwa wapagazi wa London. Waingereza ndio walioianzisha, tamutamu, laini. Sisi tukaichukua tukaikaanga mpaka ikatubu."

"Ilikuwa kodi," Hubert akasema. Dereva wa garimoshi hupenda kusahihisha watu. "Serikali yao ilitoza kodi kimea. Wazee wakaona, haya, tutatia shayiri ambayo haijaota. Tukaikaanga mpaka ikawa nyeusi kama kiatu cha padri. Huo ukavu unaouonja, bwana, ni ukaidi."

"Ukaidi ni chakula," Festus akasema. "Jarlath, kunywa. Acha kutazama dirisha."

Jarlath akanywa. Ukiivamia hii bia hupati kitu: povu, kisha uchungu, kisha majuto. Ukiinywa inavyotaka yenyewe, povu linakulamba mdomo wa juu kwanza. Halafu chini yake inakuja bia, baridi ya ghala la chini wala si ya barafu, na uchungu wa kahawa iliyokaangwa ikakaribia kuungua. Mwishowe unakuja ule ukavu, unafagia kila kitu, unauacha ulimi mtupu ukiuliza, "Ilikuwa nini hiyo? Hebu tena." Jarlath hakuyaonja hayo yote. Alikunywa kama mtu anayezima moto.

Hubert akanunua yake. Wakanywa. Kutoka dirishani stesheni ilikuwa inaonekana yote ng'ambo ya mto, na jukwaani lilikuwepo koti la kijani la Attracta likienda na kurudi, na karibu yake kofia nyeusi ya mzee Lavelle. Jarlath alikwenda dirishani, akarudi kaunta, akaenda dirishani.

Honi ikalia.

"Huyo ni Aloysius," Hubert akasema. Aloysius alikuwa mchochea moto wake. "Maji yamejaa."

"Tatu, Malachy," Jarlath akasema. "Haraka, nakuomba."

Nikafungua koki ya Mzee. Ikakohoa, ikatema tone moja, ikanyamaza.

"Mzee amekata roho," nikasema.

Ilikuwa kweli, wala sikuwa na mwingine tayari. Kwa Kijana nilikuwa nimebakiza pipa zima, na radi ilikuwa imemtia kichaa. Watu watakwambia radi haiwezi kuingia kwenye pipa. Waje wasimame nilipokuwa nimesimama. Nilifungua koki nikapata bilauri tatu za mawingu. Hata ukoko wa bia chini haukuwapo.

"Sasa?" Jarlath akauliza.

"Sasa tunangoja ishuke. Ikishuka naongeza. Ikipanda nakata. Ikishuka naongeza."

"Wape hivyohivyo!"

"Niwape watu povu? Hiyo si raundi, bwana, hiyo ni kunyolewa ndevu."

"Povu halihesabiwi," Festus akasema, akifurahia mno. "Babu yako hakuwapa watu kitu, lakini walau hakuwapaka sabuni."

Jarlath akatia mkono mfukoni, akabwaga shilingi zake kaunta. "Hela hizi hapa. Mnywe itakapokuwa tayari, mimi nimekwenda."

"Utunyweshe ukiwa hupo?" Festus akageuka taratibu kwenye kiti. "Sisi ni farasi, tunaachiwa ndoo? Raundi ni watu, Jarlath. Unasimama, unagonga bilauri na mwenzio, unakunywa. Ama uende zako, tutajua tumwambie nani nini."

Honi ikalia tena, ndefu.

"Anaivuta kama anakamua," Hubert akasema. Akasimama, akakaa, akasimama. Nikamkata Kijana kifua kwa kisu, nikaongeza. Povu likapanda lote. Kwenye bilauri moja palitokea utepe mweusi chini, unene wa kidole. Kwenye hizo mbili, hakuna.

Nikamvuta Jarlath pembeni nikamnong'oneza. "Wewe, hebu tumia akili. Hubert yuko hapa. Bila yeye garimoshi ni banda la kuku. Kimbia sasa hivi, uvuke, useme maneno yako mawili, urudi. Nitawashika."

"Mzee Lavelle yupo pale."

"Kwani?"

"Ataniuliza nimetoka wapi. Nimwambie nini? Kwamba nimetoka katikati ya raundi? Nimuombe binti kwa pumzi hiyohiyo?" Akaenda mlangoni. Akatoa mguu nje. Akaurudisha. Akautoa tena. Nilimwona mtu mzima akipiga hatua ya kwenda na ya kurudi kwa mguu uleule. "Na nisipokwenda, anaondoka. Malachy, sukuma hilo pipa! Lifanye kitu!"

"Nilifanye nini, nilisomee?"

"Koti la kijani limepanda behewani," Festus akatangaza kutoka dirishani, kama anauza ndama.

Hapo hata Festus aliacha kucheka. Nampa haki yake.

Hubert akavaa kofia. "Ndugu yangu, mimi naenda. Kuna mkaguzi anasubiri kituo cha mbele, na hanipendi."

Jarlath akamkamata mkono wa koti. "Hubert. Nakusihi. Ukitoka hujanywa yangu, nimekwisha."

"Nisipotoka, mimi ndiye nimekwisha."

"Dakika moja!"

"Honi imeshalia mara mbili! Niachie, Jarlath. Nitasema nimekunywa."

"Wewe ni mtu wa Rozari, huwezi kusema uongo. Utaulizwa tu, utasema ukweli!"

Hubert akawaza hilo, akaona ni kweli, na huruma ikampita machoni. Halafu akajichomoa. Kifungo cha koti kikabaki mkononi mwa Jarlath, na dereva akawa anavuka daraja, mikono imeshika kofia.

Povu lilisikika likipasuka, vip, vip, vip, kama mafuta ya mwisho kwenye kikaango. Zile bilauri tatu zilikuwa zimesimama kaunta, na ile moja ilikuwa imefika nusu: chini nyeusi, juu bado mawingu yanazama yakigeuka bia.

Jarlath akaitazama. Akaichukua.

"Hiyo bilauri ni ya baa!" nikasema.

"Ni ya Hubert," akasema, akatoka.

Nikaruka kaunta nikamfuata, aproni kiunoni, kisu cha mfupa mkononi. Waliotuona barabarani walidhani namwinda nikamchinje, na mama mmoja akaanza kusali kwa ajili yangu.

Sasa niaminini au msiniamini. Jarlath alikuwa anakimbia kwa miguu tu. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa amesimama. Daraja letu lina mawe yanayovunja magurudumu ya mikokoteni, naye aliyapita kama yuko kwenye paa lake, mkono mbele, macho kwenye bilauri, na tone halikumwagika. Na ile bia ilikuwa inakuwa tayari mkononi mwake! Mawingu yanashuka, weusi unapanda, povu linajikusanya juu, na alipofika ng'ambo ilikuwa bia ambayo mimi mwenyewe, kwa Mzee na Kijana wote wawili wakiwa na afya, ningejivunia kuiita yangu.

Garimoshi lilikuwa limeanza kusogea.

"Nusu-Raundi!" mzee Lavelle akapaza kutoka jukwaani. "Unakwenda wapi na bia?"

Jarlath hakumjibu. Alishuka kwenye kokoto, akakimbia kando ya injini, akainyanyua bilauri mpaka kwenye dirisha la dereva.

"Hubert! Raundi yangu!"

Hubert akatazama chini. Akaiona. Mvuke unafuka, Aloysius ana koleo mkononi, mkaguzi anasubiri kituo cha mbele, na hapo chini ya pua yake kuna bilauri iliyokomaa, inatoa jasho. Yupo mtu wa kwetu anayeweza kuikataa raundi akitazamwa machoni? Hayupo, hajazaliwa, na akizaliwa atabatizwa kwingine.

Akavuta breki.

Mle ndani abiria wakaanguka mmoja juu ya mwingine, mtawa akamkalia mfanyabiashara wa kondoo, kuku wa mtu wakafunguka. Hubert akapokea bilauri kwa mikono miwili.

"Siwezi kuendesha huku nakunywa," akamwambia Aloysius kwa heshima zote. "Ni kinyume cha sheria ya reli."

Akaanza kunywa.

"Nenda!" nikamwambia Jarlath. "Mpaka atakapomaliza!"

Jarlath akakimbia kurudi nyuma, behewa moja, la pili. Attracta alikuwa ameshateremsha kioo, kofia imekaa upande.

"Umechelewa," akasema.

Jarlath akahema. Akafungua kinywa.

"Kuna joto," akasema.

Nikajipiga paji la uso. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, jicho moja kwao, jicho moja kwa Hubert. Bia nyeusi iliyokaa sawa huacha duara la povu ndani ya bilauri kila mnywaji anaposhusha pumzi, na duara la kwanza lilikuwa limeshakaa.

"Jarlath Concannon," Attracta akasema, "nina ngozi. Najua kuna joto."

"Radi itakuja."

"Mungu wangu."

"Robo imekwenda!" nikaita.

"Usiende," Jarlath akasema.

"Kwa nini?"

Akatazama mikono yake, kama amesahau jibu lilikoandikwa. Nyuma yake mzee Lavelle alikuwa anakuja kwenye kokoto na fimbo yake, anahema.

"Nusu!" nikaita. "Anameza vibaya, ana kiu huyu!"

"Ule ukuta wa kusini," Jarlath akasema, "kule kwangu. Nimeuvunja."

"Umevunja ukuta?"

"Nimetoboa dirisha. Linatazama barabarani. Ulisema huwezi kukaa nyumba isiyoona watu wakipita."

"Nilisema lini?"

"Siku ile ya mvua."

"Siku zote ni za mvua, Jarlath!"

"Ulisema karibu na kisima, ulikuwa na mafua. Na paa nimeliezeka upya lote, kwa vile ulisema unasikia baridi upesi. Na mlango nimeupandisha, kwa sababu una dada warefu. Nimekuwa nikikujengea nyumba. Nilidhani unaona."

"Nitaonaje? Iko kilimani, nyuma ya miti!"

"Basi ndiyo nakwambia. Nakuomba uolewe nami uje uione. Sijui kulisema kwa namna nyingine."

Duara la tatu. Attracta alimtazama.

Mzee Lavelle alikuwa amefika. Hakumtazama Jarlath, alimtazama Hubert kule juu, kichwa nyuma, koo linapanda na kushuka.

"Ile ni raundi ya nani?" akaniuliza.

"Ya Jarlath. Ya mwisho ya watatu, na ya Festus inamngoja kaunta, imeshalipiwa."

"Yenye povu la kweli?"

"Mzee, kaangalie mwenyewe maduara yake."

Akaangalia. Akagonga kokoto na fimbo, akakohoa, akageuka akatazama mto. Kwa mzee Lavelle hiyo ilikuwa hotuba ya kukubali.

Hubert akapindua bilauri, tone la mwisho likaanguka. Akapangusa masharubu. "Sawa, Jarlath!" akaita. "Nimekunywa!" Akaitupa bilauri hewani, nami nikaidaka kwa aproni, na magurudumu yakaanza kulia.

"Shika," Attracta akasema, na sanduku likamjia Jarlath kifuani kutoka dirishani. "Ni zito, lina pasi. Na ufungue huu mlango, kitasa kiko nje!"

Jarlath akaliacha sanduku lianguke, akakimbia na behewa, mkono kwenye kitasa. Kitasa kilikuwa kigumu. Alikivuta, akakitikisa, akakitukana, mtu ambaye hatukuwahi kumsikia akitukana, na garimoshi lilikuwa linazidi kushika mwendo, kokoto zinaruka. Kikazunguka. Mlango ukafunguka wote, Attracta akakusanya koti lake la kijani akaruka, wakaviringika pamoja mpaka kwenye nyasi za ukingo wa mto.

Alipoinuka alikuwa na kiatu kimoja. Cha pili kilikwenda Dublin.